Kukabidhi shamba la familia: mdomo umekubali, mkono haujaachia

#1
Kifungua Mimba (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nyuzi za mirathi ya mashamba humu ndani ni nyingi, na karibu zote zinahusu hati, mipaka, wosia na nani apate kipande gani. Nazisoma na zinasaidia. Ila kuna upande ambao vikao vya familia vinaukwepa na sisi humu tunaukwepa vilevile: yanayompata mzee moyoni anapoachia shamba, yanayompata mtoto anayelipokea, na yanayowapata wale ambao hawakupewa, au walipewa nafasi wakaikataa. Uzi huu ni wa hayo tu.

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kubishia. Mzee anayeng'ang'ania shamba mara nyingi hang'ang'anii mali. Angekuwa na uchu wa mali angeuza, maana ardhi ikiuzwa hutoa kwa mkupuo fedha ambayo ikilimwa itachukua miaka kuonekana. Anachokishikilia ni ile nafasi ya kuwa mtu anayeulizwa. Tangu ujana wake watu wamekuwa wakimjia: mzee, tupande sasa au tungoje? Huyu mtamba tumwache au tumuuze? Mtaro tuuelekeze wapi? Akishatia sahihi, maswali hayo yanahama. Yanamruka yeye yanakwenda kwa kijana ambaye jana alikuwa anatumwa kufungua zizi.

Na tofauti yake na mstaafu wa ofisini ni kubwa. Wa ofisini akiaga, haioni tena meza yake. Aliyemrithi akivuruga mafaili, habari hazimfikii. Mkulima anastaafu huku bado analala palepale. Asubuhi anafungua mlango anaona mtu mwingine anafanya kazi yake, tena anaifanya tofauti. Na kwa mzee, tofauti ni vibaya mpaka ithibitike vinginevyo.

Ndiyo maana utamwona mzee aliyekwisha kutangaza mbele ya ukoo kwamba shamba sasa ni la mwanawe bado anazunguka mipaka kabla hujaamka, anawapa vibarua maagizo yanayopingana na yako, anamtajia mnunuzi bei nyingine. Wengi tunaliita hilo dharau. Mimi naona ni mtu ambaye hajui tena mikono yake aiweke wapi.

Sasa mpokeaji. Watu humpongeza: umebahatika, umepewa shamba. Hawajui kwamba kila unachotaka kubadilisha kinasomwa kama hukumu. Ukitaka kung'oa miti iliyozeeka isiyozaa, umesema baba alikosea kuipanda. Ukitaka kupunguza ng'ombe ubaki na wachache wanaotoa maziwa ya maana, umelidharau kundi alilolijenga kwa umri wake wote. Ukiacha kila kitu kama kilivyo, shamba linakufia mikononi, na lawama ni yako vilevile: waliotangulia walilitunza, wewe ukalizika. Nawajua watu wenye miaka arobaini na zaidi, wana watoto wakubwa, wanaendesha shamba zima, na bado wakitaka hela ya dawa ya mifugo lazima wakapige hodi kwa baba na kujieleza.

Kuna na hofu ambayo hatuisemi. Aliyeanzisha biashara yake mwenyewe ikamfia, amepoteza chake. Shamba la kurithi likifa, umepoteza cha marehemu na cha ambao hawajazaliwa. Mzigo huo unawafanya wengine wasithubutu kujaribu lolote jipya, na wengine wakubali shamba ambalo hawakulitaka tangu mwanzo, kwa sababu kumwambia baba "hapana" kulikuwa kugumu kuliko kulima.

Wa tatu ni aliyeondoka. Huyu nitamchokoza tu, aje ajieleze. Hataki kulima, hataki tope kwenye viatu, lakini mwambie unakata ule mti wa mbele ya nyumba ya zamani uone kama hatapiga simu usiku kwa hasira. Kwake shamba ni utoto wake, na anataka kila akija alikute alivyoliacha. Wewe unayelala hapo unataka lilipe madeni.

Na msidhani ni balaa la familia mojamoja. Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa umri wa wazalishaji ni miaka 58.1. Katika Umoja wa Ulaya, kwa takwimu za 2020, karibu theluthi moja ya waendeshaji wa mashamba walikuwa na miaka 65 au zaidi, na walio chini ya miaka 40 walikuwa takriban 12 katika kila 100. Jibu la haraka ni kwamba vijana wanakimbia kilimo. Wapo wanaokimbia. Wapo pia waliosimama pembeni ya kiti ambacho mwenyewe hajainuka, wakachoka kusimama, wakaenda.

Karibuni. Matusi kwa wazazi hapana.


#2
Mpita Njia

Nimekaa siti ya mbele. Mada nzito hii, waje wenye uzoefu.


#3
Hesabu Kwanza

Mnajichosha bure. Shamba ni rasilimali. Mzee akichoka, mwiteni mthamini, uzeni, gawaneni, kila mtu ashike hamsini zake. Hisia hazinunui mbolea.


#4
Kifungua Mimba (mleta mada)

Mkuu Hesabu Kwanza, mthamini atakupa bei ya ardhi na hapo sina ubishi naye. Ila vikao ninavyovijua havikuvunjika kwa sababu ya bei. Vilivunjika pale mmoja aliposema "wewe hukuwepo mama alipokuwa mgonjwa". Mthamini ataiandika wapi hiyo? Kuuza si dhambi, na kuna mahali ndiyo busara yenyewe. Lakini familia ikiuza bila kuyasema hayo, itagawana fedha na ugomvi utabaki mzima.


#5
Mzee Mstaafu

Marahaba kwa wote mliokusudia kuniamkia.

Nimeisoma mada yote, taratibu, kwa miwani. Mleta mada umeandika vizuri, ila umetupaka rangi moja. Unasema tunashikilia kuulizwa. Ni kweli, sikatai. Lakini umeiruka hofu, na hofu ndiyo kubwa.

Mtu akishaandika kila kitu kwa jina la mwanawe, kesho akitaka hela ya dawa anaomba. Mimi niliyelipa ada za hao watoto, nisimame mlangoni niombe? Na mwanangu ni mwema, simshuku hata kidogo. Lakini mwanangu anaweza kutangulia kufa. Anaweza kuachana na mkewe, shamba likaburutwa katika ugomvi wao. Anaweza kuweka hati rehani, mvua ikagoma, benki ikaja na karatasi zake. Mkituona tunasita, msidhani hatuwaamini. Tunahesabu njia ambazo uzee unaweza kutukuta bila paa, na njia hizo ni nyingi kuliko mnavyodhani mkiwa na nguvu.

Halafu kuna kifo. Nyinyi mnasema "tukae tupange mirathi" kwa sauti ileile mnayopangia mavuno. Sisi tukisikia mirathi tunaliona kaburi, na tunawaona nyinyi mmesimama juu yake mnapima. Ninao wenzangu walioahirisha jambo hili mwaka hadi mwaka. Haukuwa ujanja. Kila wakiishika kalamu inakuwa nzito. Wakafa hawajaandika, na ugomvi waliokuwa wakiuogopa ndio waliouacha.

Lingine, na najua mtacheka: hakuna kilichoniuma kama kuambiwa nipumzike. Mzee pumzika. Mzee kaa kivulini. Mzee acha hiyo ndoo. Walikuwa wananipenda, najua. Lakini mtu aliyeamka alfajiri tangu utoto wake, mwili haujui kupumzika kunafanywaje. Nilikonda. Nikawa nagombana na kila mtu, hata mbwa. Aliyeniokoa ni mkwe wangu wa kike, mwanangu mwenyewe hakuona kitu. Alinijia akasema, "Baba, ndama hawa wananishinda, naomba uwe unawaangalia wewe." Alikuwa anajua kuwalea vizuri tu. Nami nilijua kwamba anajua. Nikakubali. Mpaka leo ndama ni wangu. Hakuna anayemgusa mmoja bila kuniuliza, na mimi siingilii mengine yote.

Naingilia kidogo.


#6
Mkamwana

Baba, shikamoo. Hapo kwa ndama nimecheka peke yangu, maana mbinu hiyo tunaijua wakwe wengi kuliko mnavyofikiri.

Naomba niwataje ambao mada imewasahau. Nimehesabu hapo juu: mzee, baba, mwana, kijana. Mama yuko wapi? Kwa mume wangu, mama mkwe ndiye aliyetunza daftari. Yeye ndiye aliyejua nani anadaiwa, nani analipa kwa wakati na nani ni wa maneno matamu. Baba mkwe alipokabidhi kulikuwa na kikao, watu wakasimama wakasema, akashukuriwa. Kwa mama hakuna aliyesimama. Siku moja daftari likawa liko mezani kwangu, basi. Wanaume walisema ametuliwa mzigo. Mimi niliyeshinda naye kutwa niliona anavyolitazama kila nikilifungua. Sasa nimeanza kumsomea hesabu za kila wiki, naye ananisahihisha, na sauti yake imerudi.

Na sisi tulioolewa shambani tuna letu. Tunalima ardhi ambayo majina yetu hayamo popote. Shemeji zangu wananiheshimu leo mume wangu akiwa hai. Akiondoka kesho, sijui. Kwa hiyo unapanda mti huku moyo unakuonya usiupende sana. Watu wanaposema mkwe hana uchungu na shamba, waulizwe kwanza kama shamba lina uchungu na mkwe.


#7
Binti wa Katikati

Dada Mkamwana, umefungua mlango, nami napita.

Mimi ndiye niliyekuwa nashika taa usiku ng'ombe anapozaa vibaya. Kaka yangu akiona damu anakimbia. Zamu ya kukabidhi ilipofika, baba alimtazama kaka. Hakunikataa. Angenikataa ningebishana naye. Hakuniona kabisa, na kutoonekana hakuna pa kukata rufaa.

Na asije mtu kusema ni ushamba wa watu fulani. Norway wana haki ya kale sana ya ukoo juu ya shamba, imo hata katika katiba yao ya 1814, na huko nako mtoto wa kiume alimtangulia dada yake mpaka sheria ya mwaka 1974 ilipowaweka sawa. Hata hapo usawa ukaanzia kwa waliozaliwa kuanzia 1965.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kaka hakulitaka. Alilipokea kwa sababu hakujua namna ya kulikataa mbele ya watu. Tukikutana hatuzungumzi juu ya shamba. Yeye anaona aibu, mimi naona wivu, na baba anaamini amemaliza kazi yake vizuri.


#8
Kitinda Mimba

Mleta mada umenichokoza, nimekuja.

Mnatusema tulioondoka kana kwamba tuliamka asubuhi tukalichukia jembe. Shamba letu lisingetosha kaya tatu. Lazima mtu angeondoka, na mdogo ndiye aliyeondoka. Hakuna aliyeniita akaniambia ondoka, ila kila mtu alikuwa akiniuliza nitasomea nini, na kaka hakuna aliyewahi kumuuliza. Jibu nililipata humo.

Kuhusu ule mti, ndiyo, nitapiga simu. Nikienda nyumbani sasa naambiwa "karibu". Nakaribishwa katika nyumba niliyozaliwa. Nikitaka kuchuma tunda naangalia kwanza kama shemeji anaona. Sijasema wamenikosea, shamba ni lao sasa na wanalitolea jasho. Nasema tu kwamba kugeuka mgeni kwenu kunauma, na ule mti ulikuwa kitu pekee ambacho hakikuniuliza nimekuja kukaa siku ngapi.

Kuhusu mgao, hapa ndipo watu wanapochanganya. Kaka amebaki miaka yote kwa ujira mdogo, mara nyingine bila ujira, akiambiwa siku moja hili litakuwa lako. Mimi nilisomeshwa kwa mauzo ya shamba hilohilo. Tukigawana sawasawa, kaka amedhulumiwa, na isitoshe shamba likikatwa vipande halimlishi mtu. Akipewa lote, mimi naonekana sikuwahi kuwa mtoto wa pale. Mtu atafute hesabu ya kulimaliza hilo, mimi sijaiona.

Ila niwaambie siri ya sisi tuliokosa. Wengi wetu hatutaki ardhi. Baba angeniita, tukakaa wawili, akaniambia kwa kinywa chake: shamba nampa kaka yako, kwa sababu hii na hii, na wewe nimekufikiria hivi. Ningekubali siku hiyohiyo. Nilisikia kwa shemeji, kwenye simu, katikati ya habari nyingine.


#9
Mpita Njia

Kitinda Mimba, hapo mwisho umenigusa pabaya. Naendelea kusoma.


#10
Bwana Shamba

Habari wadau. Kwa kazi yangu naingia kwenye familia nyingi, na niliyoyasoma hapa ndiyo ninayoyakuta. Naomba niongeze mambo ya kiutendaji, maana hisia zikikosa pa kushikia zinageuka maneno.

Alikuwepo mtafiti Mwingereza, Andrew Errington, aliyechunguza namna mamlaka yanavyohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto katika mashamba ya Uingereza, Ufaransa na Kanada. Alichokikuta kinafanana sana na nikionacho mimi. Kazi za mikono huhama mapema. Baadaye huhama maamuzi ya ufundi, mbegu ipi, mbolea kiasi gani. Kuajiri, kuuza na kununua vitu vikubwa huchelewa. Fedha, yaani nani analipa bili na lini, hukaa mkononi mwa mzee mpaka mwisho kabisa. Uingereza hasa kulikuwa na watoto waliofanya kazi chini ya baba miaka na miaka kama vibarua. Baba akiondoka, wanaachiwa shamba zima bila kuwahi kuamua jambo moja zito.

Kwa hiyo ninachowaambia familia ni kwamba wasingoje mwisho. Mpeni kijana sehemu yenye daftari lake: kundi dogo, au kipande kimoja, fedha yake iingie na kutoka bila kupita kwa mzee. Apate na hasara, ikiwezekana apate hasara mapema, mzee akiwa hai na kipande kikiwa kidogo. Mzee naye anajifunza kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kujifunza shambani, kuona kosa likija na kunyamaza.

Kuhusu hofu ya Mzee Mstaafu, hiyo ina dawa ya karatasi. Ujerumani na Austria, mkataba wa kukabidhi shamba huandikwa mbele ya mthibitishaji wa serikali, na humo mzee hujiwekea haki ya kukaa kwenye nyumba au sehemu ya nyumba mpaka kufa kwake, pamoja na matunzo. Haki hizo huandikishwa kwenye daftari la ardhi, hivyo hata shamba likibadili mwenyewe hazipotei. Familia nyingine zikisikia pendekezo hilo hukasirika: tuandikishane baba na mtoto? Naona ni kinyume chake. Kilichoandikwa hakiombwi. Mzee anapokea haki yake, hapokei hisani, na mtoto hahitaji kukisia kila mwezi kama ametoa vya kutosha.

Na ile ahadi ya "siku moja litakuwa lako" naichukia kuliko ukame. Nimewakuta watu wamezeeka nayo.

Jambo la mwisho. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani ambaye mwenyewe alikulia shambani, aliwachunguza miaka ya 1970 wake wa wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam. Mume hayupo, lakini hajathibitika kufa. Alionyesha kwamba msiba usio na matanga unamganda mtu, kwa sababu hakuna siku ya kulia wala siku ya kuanua tanga. Mimi namfikiria mzee aliyekabidhi. Shamba lipo, yeye yupo, na kila mtu anamwambia hajapoteza kitu. Usimwambie hivyo. Na ukiona halali, hali, anarudia kusema hana faida tena duniani, hilo si suala la kikao cha ukoo, ni la daktari, na mapema.


#11
Msomi wa Mirathi

Mleta mada alisema sheria ziende nyuzi nyingine, lakini kuna moja inayogusa kichwa cha uzi huu hasa.

Kwa Waislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, na hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Kwa hiyo mzee anayetaka shamba libaki zima kwa mtoto mmoja hutazama hiba, yaani ampe akiwa hai. Na hiba, kwa mafakihi wengi, haitimii mpaka aliyepewa akabidhiwe kweli. Mzee aliyetamka mbele ya watu huku bado anashika kila kitu amewaachia watoto kesi. Mdomo umekubali, mkono haujaachia, ndiyo hiyohiyo. Suala la kumpa mmoja na kuwaacha wengine lina maneno mengi ya wanazuoni, muulizeni mnayemwamini kabla ya kuandika.


#12
Asiye wa Kumwachia

Nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo naandika.

Nyinyi mnagombania kukabidhi. Mimi nina watoto watatu na hakuna anayelitaka. Wala si wabaya. Wananipigia simu, wananitumia fedha, wakija wanakaa. Nilipokuwa nawasomesha nilikuwa nawaambia kila siku, someni msije mkateseka kama mimi. Wakanisikiliza. Sasa nimlaumu nani?

Mzee Mstaafu umesema unaogopa kuomba. Mimi naogopa kitu kingine. Naendelea kukarabati uzio bila kujua namkarabatia nani. Nimechagua mbegu za msimu ujao, nimesafisha mtaro, na kuna wakati nasimama katikati ya kazi najiuliza kama nimerukwa na akili. Baba yangu aliponiachia alisema usiiache ardhi ilale. Alikuwa na haki ya kuniambia hivyo kwa sababu nilikuwepo. Mimi nimwambie nani?

Jirani yangu ana kijana mchapakazi, hana ardhi, ameomba kukodi. Kila akija namtafutia sababu. Mara nasema subiri mvua, mara nasema nitaongea na wanangu. Wanangu wameshasema sawa zamani. Ninayesubiriwa ni mimi.


#13
Mzee Mstaafu

Ndugu yangu, ulivyowaambia watoto wasome hukukosea, na kwamba waliondoka haikufuti. Umelea watu watatu wanaojitegemea. Shamba lako limefanya kazi hiyo, na hiyo ni kazi.

Kuhusu kijana wa jirani, nitasema kama mkulima kwa mkulima. Usimpe lote. Mkodishe kipande kilicho mbali na nyumba, msimu mmoja, kwa maandishi. Utamwona anavyofanya. Akilima hovyo, msimu ukiisha umemalizana naye. Akilima vizuri utaumia, nakuambia mapema, utaumia kuliko angelima hovyo. Maumivu hayo yana mwisho. Halafu atakuja kukuuliza kitu, maana hakuna kijana asiyekwama, na wewe ndiye unayekijua kipande hicho kinaposhika maji na kinapokauka kwanza.

Wanao waambie wazi kwamba umekodisha na kwa nini. Usiwafiche ukidhani hawajali. Soma alichoandika Kitinda Mimba hapo juu.


#14
Asiye wa Kumwachia

Kipande cha mbali kipo. Nimekuelewa mzee. Asante.


#15
Hesabu Kwanza

Nimesoma mpaka hapa. Bado naamini familia nyingi zingeuza zingepona. Ila nakubali kwamba kabla ya mthamini kuna kikao kingine kinatakiwa, na mimi kwetu hatukukifanya. Tuliuza, tukagawana vizuri kabisa, kila mtu akapata chake. Hatupigiani simu.


#16
Kifungua Mimba (mleta mada)

Hesabu Kwanza, pole mkuu. Ungeanza na hiyo.

Mzee Mstaafu, hoja yako ya hofu nimeichukua, na nadhani inakwenda pamoja na yangu: mzee asiye na uhakika wa paa hawezi kukubali kuacha kuulizwa, kwa sababu kuulizwa ndiyo bima pekee aliyonayo. Mpe bima nyingine ndipo umdai hilo.

Sasa swali la vitendo kwa Bwana Shamba na wengine. Mimi na baba hatujawahi kukaa tukaliongea hili moja kwa moja. Kila nikilikaribia anabadilisha mada, au anakumbuka ana jambo zizini. Naanzia wapi bila kuonekana nataka kumzika?


#17
Bwana Shamba

Usianzie kwenye shamba, anzia kwake. Muulize anataka miaka yake inayokuja iweje: alale wapi, kazi gani hataki kuiacha kabisa, kazi gani anaichukia na hajawahi kusema. Hiyo ya tatu huwa inashangaza. Wazee wengi wamechoka na kitu kimojawapo, labda hesabu, labda kugombana na wanunuzi, wakaendelea nacho kwa sababu hakuna aliyejitolea kukichukua. Chukua hicho kwanza. Usiguse anachokipenda.

Na msiongelee mezani mkitazamana. Ongeeni mkitembea shambani, yeye akiwa mbele. Ukimfuata kwenye mipaka yake ataongea mwenyewe. Ataanza na habari za mti au jiwe la mpaka, mwache. Siku hiyo usitoe karatasi. Karatasi iwe ya siku nyingine, na ndugu zako wote wawepo, aliye mbali apigiwe simu asikie kwa sikio lake.


#18
Mkamwana

Na mama awepo kwenye kikao hicho, akiwa amekaa. Si kuhudumia waliokaa.


#19
Kifungua Mimba (mleta mada)

Nimepokea yote. Kutembea nitaanza wiki hii, kikao nadhani baada ya mavuno, mdogo wangu akipata ruhusa kazini. Nitaleta mrejesho humuhumu.